Duka la Kiingereza la Likoni

Saa kumi na moja na nusu jioni, Jumatatu ya kwanza baada ya Idi, mwalimu alifunga mlango wa chumba chake cha nyuma pale Likoni, akagonga meza kwa kifuniko cha kopo na kutangaza kwamba duka limefunguliwa. Kuanzia hapo, alisema, mtu asinunue wala asiuze ila kwa Kiingereza.

Duka lenyewe lilikuwa meza moja ya mbao za masanduku. Juu yake alikuwa amepanga makopo matupu ya jemu na ya maziwa, karatasi ya siagi iliyojazwa udongo na kufungwa upya, bati la biskuti lenye picha ya farasi, kipande cha sabuni, mishumaa miwili na viberiti visivyo na njiti. Vyote alivipata kwa wapishi wa Wazungu, waliomwekea badala ya kuvitupa. Ilikuwa miaka ya vita. Katika maduka ya kweli ya Likoni sukari ilipatikana kwa foleni na mchele kwa kujuana, lakini sisi kila Jumatatu na Alhamisi tulinunua siagi na biskuti mpaka mwanga wa dirishani ukaisha.

Mwalimu alikuwa na umri wa kama miaka thelathini. Alizaliwa vijiji vya ndani ya pwani, akasomea misheni, kisha akafanya kazi nyuma ya kaunta ya duka la Wazungu kule kisiwani, hadi alipoachishwa. Sababu ya kuachishwa hakuisema, nasi hatukuthubutu kumwuliza. Ada yake ilikuwa shilingi tatu kwa mwezi. Njia yake ya kufundisha ilikuwa moja tu: mmoja anauza, mmoja ananunua, wengine wanasikiliza na kucheka. Sikatai kwamba njia hiyo ilifundisha. Mimi wakati huo nilikuwa mpimaji katika ghala la mbata, yaani nazi zilizokaushwa, karibu na kivuko, na Kiingereza nilikuwa nikijifunza peke yangu katika kitabu kilichokatika jalada. Kitabu kilinipa maneno. Meza ile ilinipa ujasiri wa kuyatamka mbele ya watu.

Mtu ambaye habari hizi zinamhusu alikuwa mkulima wa Mtongwe, mwenye miaka arobaini na mitano hivi, mrefu, mwenye mapengo mawili ya mbele. Jina lake siliandiki. Darasani tulimwita Mteja, kwa sababu nitakazozieleza, na jina hilo likamganda.

Ua wa waya wa kambi ya mabaharia ulikuwa umepita katikati ya shamba lake. Minazi alilipwa, mmoja mmoja. Ardhi hakulipwa, kwa kuwa hakuwa na karatasi yake, ingawa babu yake ndiye aliyeifyeka. Nyumba ilibaki nje ya waya na kisima kikabaki ndani. Kisha mzee wa mtaa akaleta habari kwamba kambi itafungua duka la mahitaji, anatakiwa mwuzaji mmoja anayejua Kiingereza, na waliopitiwa na waya ndio watakaoitwa kwanza. Atakayepata kazi ataruhusiwa kuchota maji ndani. Kwa Mteja hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya pekee ya kubaki Mtongwe. Asipoipata, ingembidi yeye, mkewe na binti zao wahamie Mjambere kwa ndugu wa mkewe, na ndugu huyo alikuwa ameshatuma salamu kwamba nafasi aliyonayo ni ya banda la mbuzi, nao mbuzi bado wamo.

Basi alichukua fedha za minazi akaja kusoma.

Jioni ile ya kwanza aliingia akasimama, akingoja kuamkiwa kama ilivyo haki ya mtu wa umri wake. Mwalimu hakumwamkia. Alimwambia kwamba katika chumba hiki mwanafunzi ndiye anayemwamkia mwalimu, na kwamba yeye anangoja.

Mteja alitazama sakafu kidogo. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mzee. Keti."

Tulicheka. Tulikuwa wanafunzi sita tuliolipa ada, na kila mmoja wa sisi watano wengine alifurahi kwamba si yeye.

Zamu yake ya kununua ilipofika, alianza kwa kumwamkia mwenye duka: ameamkaje, nyumbani hawajambo, watoto wanasoma, mvua huko kwao imenyesha. Hakujua hata neno moja la hayo kwa Kiingereza, kwa hiyo alikuwa akisema kwa Kiswahili, na mwalimu, bila kucheka, akimpa Kiingereza chake jambo moja moja, naye anarudia. Sisi tulikuwa tumeshika mbavu. Baada ya hapo ndipo alipouliza bei ya jemu. Mwalimu alisema shilingi moja. Mteja alilichukua kopo, akaligeuza chini juu, akalinusa, akalirudisha mezani taratibu.

"Bei hiyo ni ya kopo hili," aliuliza, "au nikilipa naondoka na duka zima?"

Nakumbuka jinsi mwalimu alivyomtazama: kama mtu aliyeokota kitu njiani na bado hajajua thamani yake. Kisha akasema, "Hayo hayo, kwa Kiingereza," akamfundisha.

Tangu siku hiyo sisi wengine tulikuwa wapita njia katika duka lile. Mteja alikuwa amelelewa akiuza ndizi na madafu kivukoni, na kupatana bei kulikuwa kwenye damu yake. Mwalimu alimpa Kiingereza cha kila kitu alichohitaji: kopo lina kutu, siagi imechacha, bati limebonyea, sabuni hii imeoga watu wangapi, kwa jirani yako nimeona bora kuliko hii kwa nusu ya bei, mimi ni mtu wa watoto wengi. Maneno aliyashika upesi kuliko tulivyotazamia. Yaliyomsumbua ni matamshi, kwa sababu ya yale mapengo, na hapo mwalimu hakumhurumia.

"Ziba pengo, mzee, unamwosha mwenye duka."

Au: "Kiingereza hakitafunwi kama tambuu. Kiteme nje."

"Nivumilie, mwalimu," Mteja alijibu siku moja. "Haya meno yaliyobaki nayo ni wanafunzi, hayajazoea."

Mwalimu alimfanya asimame uso ukielekea ukutani na kusema sentensi moja mara ishirini, akiushikilia mshumaa mbele ya mdomo. Mshumaa uliwashwa. Kila ukizimika kwa pumzi zake alianza upya. Alipomaliza alikuwa na nta kwenye vidole, naye akamshukuru mwalimu.

Lakini kilichomfanya ajulikane ni kuondoka. Watu wa pwani hawahitaji kuelezwa jambo hili. Nalieleza kwa ajili ya msomaji wa bara. Mnunuzi na mwuzaji wakifika mahali ambapo hakuna anayeshuka wala anayepanda, mnunuzi humshukuru mwuzaji, hugeuka, na kuondoka. Haondoki kwa hasira wala kwa haraka. Hutembea kwa mwendo wa mtu anayesikiliza kwa mgongo. Mwuzaji humwacha afike mahali fulani, kisha humwita: njoo bwana, njoo, hebu sema mwisho wako. Anayeitwa ameshinda. Asipoitwa karibu, huenda mbali zaidi kidogo, kwa kuwa mwuzaji mgumu huita kwa kuchelewa. Hakuna anayetangulia kurudi. Kurudi bila kuitwa ni aibu ambayo hata mtoto anayetumwa chumvi huiepuka.

Mteja alikuwa bingwa wa mwendo huo. Mwalimu alimfundisha maneno ya kuagia, Kiingereza kirefu cha heshima, kwamba ashukuru sana kwa wakati wa bwana lakini atajaribu kwingine. Naye akiyasema, akigeuka, akienda mlangoni, bega moja limeshuka kidogo kama mtu mwenye huzuni, chumba kizima kilikuwa kikipiga kelele za kumwita. Mwalimu alimngoja hadi akaugusa mlango. Ndipo akamwita.

Mwezi wa tatu wa darasa watu walianza kuja kumtazama dirishani. Wavuvi, wapagazi wa kivukoni, wanawake waliotoka kisimani na ndoo zao. Mwalimu alimweka jirani yake pale nje, na kila aliyesimama alitoa senti tano. Mteja aliniambia kwa fahari kwamba watu wa Likoni wameanza kupenda elimu. Habari za senti tano hakuzijua, na aliyezijua hakumwambia, kwa kuwa kicheko kingeisha. Alipokosa kuchekesha mwalimu alimkaripia. Jioni moja alikuja na homa, akanunua kopo la maziwa kwa bei ya kwanza ili akaketi. Mwalimu alilitupa kopo lile chini ya meza na kumwambia kwamba Mzungu hamwajiri mtu mvivu wa kinywa. Alimrudisha mlangoni akaanza upya, huku akitetemeka, na watu wa dirishani wakadhani kutetemeka nako ni mchezo, wakacheka zaidi.

Mimi ni mtu wa kufuata kitabu. Katika kitabu changu palikuwa na sura ya dukani, kurasa nne, nami nilikuwa nimeisoma mara nyingi hata naijua kwa moyo. Katika kurasa zile mnunuzi anauliza bei, anaambiwa, analipa, anashukuru, anatoka. Hapunguzi. Hilo lilinishangaza, na siku moja baada ya wenzangu kuondoka nilimwonyesha mwalimu, nikamwuliza kwa nini katika kitabu hakuna kupatana bei.

Alikuwa akipangusa makopo. "Hicho kitabu cha watoto," alisema. "Mtoto akitumwa dukani atapunguzaje? Watu wazima hupunguza. Mimi nimesimama nyuma ya kaunta yao, wewe umesimama wapi?"

Nilisimama kwenye mizani ya mbata. Nikafunga kitabu.

Wiki moja kabla ya siku ya kusailiwa, mwalimu alitangaza kwamba Mteja amehitimu, na kwamba fundi hahitimishi mwanafunzi bila kilemba. Hiyo ni desturi ya kwetu, mtu hutoa kilemba, yaani fedha za shukrani, kwa aliyemfundisha kazi. Lakini hutolewa baada ya kazi kupatikana, na kwa kadiri ya uwezo. Mwalimu alikitaka mbele, na alitaja shilingi ishirini. Nilimtazama Mteja, nikangoja ashangae, aulize kama ni bei ya kilemba au ya kichwa pia. Hakupunguza hata senti. Alisema kwamba kwa mwalimu hakupunguzwi, akaitoa pesa ikiwa imefungwa kwenye kitambaa. Pia alinunua koti la mtumba kwa shilingi kumi na nne na viatu kwa tisa. Viatu vilimbana. Alivivaa nyumbani jioni ili avizoee, na mkewe akawa anavilowesha maji.

Asubuhi ya siku yenyewe tuliketi kwenye benchi nje ya ofisi ya duka la kambi, ndani ya waya. Mteja aliketi wa kwanza, kwa haki yake ya kupitiwa na waya. Mimi niliketi wa pili, kwa kuwa karani wa ghala letu alinipendekeza. Kutoka hapo kisima chake kilionekana. Walikuwa wamekifunika kwa bati na kukipiga namba kwa rangi nyeupe. Hakukitazama sana. Alikuwa akitembeza midomo.

Baada ya kitambo akaja mtu wa tatu, suruali nyeupe iliyopigwa pasi, soksi ndefu, barua mkononi. Alikuwa mwalimu.

Mteja aliinuka kwa furaha, viatu vikilia. "Shikamoo, mwalimu. Umekuja kutusindikiza."

"Marahaba," mwalimu alisema. Aliketi mwisho wa benchi, akavuta soksi zake, akatazama mbele.

Hata hapo Mteja hakuelewa. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba si kila mwalimu hutoka asubuhi kwa ajili ya wanafunzi wake.

Afisa aliyesaili alikuwa Mzungu wa makamo, mwenye pua iliyochunwa na jua. Dirisha la ofisi lilikuwa wazi juu ya benchi letu, na kila neno tulilisikia. Alimwambia Mteja kwamba watafanya mchezo mdogo: kwanza Mteja atanunua naye afisa atauza, kisha watabadilishana. Nilisikia moyo wangu ukipoa kwa faraja. Nikasema kimoyomoyo kwamba huyu mtu amebahatika, wamemwuliza kile anachokijua.

Mteja alimwamkia kwa Kiingereza safi, akamwuliza habari za nyumbani kwake. Afisa alijibu kwa neno moja. Mteja akauliza bei ya bati la biskuti. Shilingi mbili, afisa alisema. Nilisikia bati likigeuzwa. Mteja akasema limebonyea pembeni. Afisa akasema tena, polepole zaidi, kama kwa mtu asiyesikia, kwamba ni shilingi mbili. Mteja akasema kwa jirani ameona moja na nusu, na yeye ana watoto wengi. Matamshi yake yalikuwa mazuri kuliko siku yoyote. Hakuna neno lililopotea kwenye mapengo. Afisa aliuliza kama anataka bati au hataki. Mteja, akijua kwamba hapo ndipo mwuzaji anapokaribia kushuka, alimshukuru sana kwa wakati wake, akasema atajaribu kwingine, akatoka nje.

Alipita mbele yangu kwa mwendo wake ule, bega limeshuka. Alinikonyeza.

"Ataita," alisema bila kufungua midomo.

Kutoka ndani afisa aliita: anayefuata.

Mteja alisita, mguu mmoja mbele. Mimi niliinuka, nikamwambia kwamba naitwa mimi, kwamba arudi ndani upesi, kwamba afisa anadhani amekataa kazi. Alinitazama kama mtu anayeharibiwa biashara.

"Usinivunjie, mwanangu," alisema. "Huyu mgumu. Huyu hataita mpaka nifike getini."

Akaendelea kutembea. Nilimgeukia mwalimu, nikamwambia, mwalimu, mwite wewe, wewe atakusikia. Mwalimu alikuwa akikunja barua yake mara mbili.

"Siwezi kumwita," alisema. "Leo duka si langu."

Niliingia ndani. Kabla ya kuulizwa lolote nilimweleza afisa, kwa Kiingereza chote nilichokuwa nacho, kwamba yule mzee hakukataa, kwamba kwetu mnunuzi huondoka ili aitwe, kwamba sasa anatembea akingoja sauti yake, kwamba ndiye mwenye shamba hili tulilokanyaga. Nilieleza vizuri. Nasema hivi kwa sababu afisa alinielewa kabisa. Aliinua nyusi, akaenda dirishani akatazama, akaanza kucheka. Alimwita mwenzake wa chumba cha pili aje aone. Walisimama wote wawili wakimtazama Mteja akienda kando ya waya, polepole, kwa viatu vinavyobana, bila kugeuza shingo. Yule wa pili aliuliza itakuwaje asipoitwa. Afisa aliniuliza mimi.

Nilisema kwamba atakwenda mbali zaidi kidogo.

Waliwekeana dau la shilingi moja: wa pili alisema atageuka kabla ya geti, afisa akasema hatageuka. Nilisimama katikati ya chumba na kofia yangu mkononi. Nilimwomba afisa, tafadhali, amwite mara moja tu. Akasema, akifuta macho, kwamba nimwache angoje, kwamba tangu aje Mombasa hajapata kuona mtu mwaminifu kwa ujinga wake kiasi hiki. Mteja alilifikia geti, akalipita. Yule wa pili akatoa shilingi.

Mimi nilisailiwa kwa kifupi. Afisa aliniambia kwamba Kiingereza changu kinatosha lakini yeye anatafuta mtu wa kuuza, si wakili.

Kisha mwalimu akaingia. Nilikuwa bado nafunga kamba ya kiatu pale benchini, nikasikia. Aliuliza bei ya bati. Aliambiwa shilingi mbili. Alisema asante, bwana, nalichukua. Hakuna zaidi ya hapo; ilikuwa kama kurasa nne za kitabu changu zikisomwa kwa sauti. Wakabadilishana, naye akauza hivyo hivyo, kwa bei iliyoandikwa, bila habari za nyumbani wala za mvua. Alipewa kazi akiwa bado amesimama.

Nilimkuta Mteja nje ya geti. Askari alikuwa amelifunga na kumwambia kwamba ruhusa yake ya kuingia ilikuwa ya mara moja. Alikuwa amesimama mahali ambapo mtu akiita kutoka ofisini angeweza kusikika, akiliangalia jengo kwa pembe ya jicho.

"Ameshusha mpaka ngapi?" aliniuliza.

Nilimwambia hakushusha. Nilimwambia kazi imetolewa, na aliyepewa ni nani. Alitikisa kichwa na kusema kwamba sikusikia vizuri, Kiingereza changu ni cha kitabuni. Nilirudia kwa Kiswahili, neno kwa neno. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaketi juu ya jiwe, akavua viatu, akavishika mkononi, wala hakwenda nyumbani. Jioni nilipovuka nikirejea kutoka kazini nililetewa habari kwamba bado yuko pale, na kwamba mabaharia wanaotoka matembezini wanamwita kwa Kiingereza, njoo rafiki yangu, njoo, kisha wanacheka anapoinua kichwa.

Mwezi haukuisha kabla mkewe hajanijia. Alikuwa mwanamke mkimya. Miezi yote ya kufahamiana nao sikuwa nimesikia kwake zaidi ya abee na karibu. Alitaka nimsindikize kwa mwalimu, aombe arudishiwe kilemba, kwa kuwa kilemba hutolewa kazi ikipatikana, nayo haikupatikana. Ada hakuidai. Kilemba tu, wapate cha kuanzia Mjambere.

Tulimkuta mwalimu mbele ya chumba chake, darasa linaanza. Alikuwa na wanafunzi wapya, wengi kuliko sisi. Mama yule alimweleza haja yake akiwa amesimama, kanga imemfunika hadi machoni. Mwalimu hakupandisha sauti.

"Mama, mimi ni mwenye duka. Mumeo alinunua Kiingereza kwangu, nikampimia, akabeba. Sasa wewe unataka pesa irudi?"

"Kilemba tu, mwalimu."

"Basi na yeye anirudishie Kiingereza changu. Akileta chote, hata neno moja lisipungue, nami nitatoa shilingi ishirini hapa hapa."

Wanafunzi wakacheka, na walioko dirishani, ambao walikuwa wameshatoa senti tano zao, wakacheka zaidi. Mama aliwatazama mmoja mmoja. Nadhani alifikiri ni jambo linalowezekana, kwa sababu njiani, tukirudi, aliniuliza kama kuna namna mtu anaweza kukitoa.

Mimi nilimwambia mwalimu mbele ya wote kwamba alijua. Kwamba alisimama nyuma ya kaunta yao, alijua kwamba kwao hakupunguzwi, nami nilimwuliza. Alinijibu kwa utulivu kwamba hakumkataza mtu kuuliza mara ya pili.

Walihama wiki iliyofuata. Niliwasaidia kuvusha mizigo, kivuko cha Likoni, kisha tukakatisha kisiwa kwa mkokoteni hadi ng'ambo ya Kisauni. Kwenye njia ya Mjambere palikuwa na watu wanaouza na kununua mitumba chini, na Mteja akasema ni bora auze koti, huko aendako halina kazi. Viatu alijaribu kwanza. Vilikuwa vimepasuka kwa maji ya kuloweshwa, hakuna aliyevitaka. Koti lilikuwa zima. Mkewe alimkumbusha kwamba lilinunuliwa shilingi kumi na nne. Nilisogea karibu, kwa kuwa tangu siku ya geti nilikuwa sijamwona akifanya biashara, na nilitaka kumwona tena katika lugha yake mwenyewe.

Mnunuzi alikuwa kijana wa Kigiriama. Alilinyoosha koti, akaligeuza ndani nje, akalinusa kwapani, akasema shilingi sita, kwa sauti ya mtu anayefungua mazungumzo tu. Hata yeye mwenyewe hakutarajia sita ikubaliwe. Alikuwa ameshakunja uso tayari kwa jibu.

Mteja alimkabidhi koti, akapokea pesa, akamshukuru. Kijana alibaki amelishika, akatutazama kama mtu anayeogopa kwamba ni la wizi, kisha akaondoka haraka. Mkewe alinyoosha mkono, akazichukua zile sita akazifunga kwenye pindo la kanga, akaniuliza mimi, mtu wa mizani, jumla ni ngapi sasa.

Nilimhesabia pale pale barabarani: ada ya miezi saba ishirini na moja, kilemba ishirini, koti kumi na nne, viatu tisa, jumla sitini na nne, toa sita za koti. Hasara ilikuwa shilingi hamsini na nane.